Simu ya Zizini

Simu yetu haina vitufe vya kubonyeza.
Imepigiliwa ukutani, rangi imechubuka,
na ikilia, wanaume wanane hutazama viatu vyao.

Mimi ndiye mdakaji wa zizini.
Jina langu halimo kwenye ubao wa taa.
Kazi yangu ni kuchuchumaa nyuma ya uzio, hapa Duluth,
upepo wa ziwa ukinipenya mbavuni hata mwezi wa Mei,
na kudaka mipira isiyohesabiwa.

Isiyohesabiwa. Lishike neno hilo.
Jumanne Pirela alirusha ishirini na sita za kupasha mkono,
akavua koti, akavaa koti, akaambiwa akae.
Jumatano, thelathini. Akae.
Alhamisi karani akaandika: amepumzika siku mbili.
Nilicheka mpaka barakoa ikanibana mashavu.

Daftari langu ni glavu.
Aprili mpira wa Pirela ulitua paa!
kama mlango wa benki saa kumi jioni.
Juni ulitua pu,
kama mkate ulioanguka sakafuni.
Hakuna aliyeniuliza glavu imesema nini.

Kijana wa takwimu, Ansel Thorbergson,
alishuka na kishikwambi kwapani
akanionyesha mstari unaoporomoka:
kadiri wasaidizi wanavyotumika, ndivyo timu inavyofungwa.
Nikamwambia, mwanangu,
umeona miavuli mingi barabarani
ukasema miavuli ndiyo iletayo mvua.
Kamuulize Hutchins, mwanzishaji wetu,
mbona zamu ya tano haimkuti kilimani.
Yeye akinywea, simu inalia.
Simu ikilia, mikono inachoka,
mikono ikichoka, kesho tunafungwa,
na keshokutwa Hutchins anapanda akijua nyuma yake hakuna mtu,
anabana mpira, anabana, unamponyoka,
simu inalia mapema zaidi.
Haya, nionyeshe kwa kidole mvua ilipoanzia.

Alinyamaza.
Akafuta mstari wake, akachora duara.
Nikampa konzi ya mbegu za alizeti.

Lakini sikumwambia habari za Mei,
maana Mei inaniumbua na mimi.
Tulishinda mechi kumi na moja kati ya kumi na nne,
karibu zote kwa pointi moja,
na kila ushindi ulibebwa na mikono ileile mitatu.
Gazeti likatuita Zizi la Chuma.
Nilikata ukurasa ule, nikaubandika jikoni.
Tulikuwa tunakula mkopo
tukidhani ni mshahara.

Agosti, mwenye deni alibisha hodi.

Kocha Vandermolen ana msahafu wa mstari mmoja:
punda afe, mzigo ufike.
Simchukii. Na yeye ana mwenye timu anayempigia
kwa simu nyingine nisiyoijua.
Kutoka kule kwenye benchi, kivulini,
mzigo wa Pirela ni kanda la usufi.

Usiku ule wa Ijumaa mpira wake mmoja
uliruka uzio juu ya vichwa vyetu,
polepole, kama usiotaka,
ukadundia kwenye ndoo yetu ya barafu.
Kwenye ndoo yake, hasa.
Hakuna aliyeinama kuuokota.

Leo amekuja mapema.
Nimemwona akifunga kamba za viatu kwa mkono wa kushoto,
wa kulia umelala pajani kama mgeni.
Nikapiga goti, nikamfungia. Hatukusemezana.
Kisha akaniuliza, bila kuniangalia,
swali nililolingoja tangu Aprili:
"Jana glavu ilisemaje?"

Nikasema, "Paa."

Zamu ya sita. Wawili wako njiani, Hutchins anafuta jasho.
Simu inalia.
Nimeweka mkono juu yake, nimejiandaa kusema hapana,
nimelitafuna neno mpaka limelainika,
nageuka nimtazame nipate nguvu ya kulitamka

naye amekwisha kusimama,
anavua koti.