Tuseme Gunia ni Kilo Mia

Swali la tatu nililitunga mwenyewe,
usiku, Mwanjelwa, juu ya duka la misumari na bati,
miguu ndani ya soksi mbili mbili,
maana Juni ya Mbeya haina urafiki na mtu.
Niliandika: *Tuseme gunia ni kilo mia.
Malori matatu yanashusha viazi kutoka Isyonje,
daraja ni moja, linabeba tani saba, si zaidi.
Andika programu itakayovusha mzigo wote
kwa safari chache kadiri inavyowezekana.*
Nikaliona swali zuri. Nikalala.

Asubuhi walikuja arobaini na mmoja,
wengi wa chuoni Iyunga,
mmoja ametoka Tukuyu na gari la saa kumi alfajiri,
viatu vingali na umande.
Nafasi zilikuwa mbili:
miezi mitatu, nauli, na chakula cha mchana.
Vyeti hatukuviomba. Mkurugenzi wetu, Andongolile, husema
cheti ni picha ya mtu aliyevaa vizuri;
mpe tatizo, umwone na kandambili.

Saa nne na robo umeme ukakatika.
Hakuna aliyeguna.
Walihamia kwenye karatasi
kama watu wanaohamia chumba cha pili
cha kwanza kikivuja.
Hapo nikawapenda wote,
jambo ambalo msahihishaji hapaswi.

Umeme uliporudi, mashine ikasahihisha
bila kumtazama mtu usoni.
Kijani. Kijani. Nyekundu. Kijani.
Gwamaka alimaliza kwa dakika ishirini na sita,
muda uliobaki akachora kunguru.
Sekela Mwambungu, kiti cha dirishani:
nyekundu,
nyekundu,
nyekundu mpaka chini.
Kila jibu lake limezidi safari moja, au mbili.

Nikafungua kazi yake nione alipoteleza.
Juu kabisa, kabla ya mstari wa kwanza, ameacha maelezo:
*Samahani. Gunia la Isyonje si kilo mia.
Ni lumbesa. Mama hulivalisha kilemba cha wavu,
bila kilemba mnunuzi haondoki nalo.
Nimewahi kupima: mia na thelathini,
mia na arobaini viazi vikiwa na udongo wa masika.
Kwa hesabu yenu lori la pili linaanguka mtoni.
Nimetumia mia na arobaini.
Najua mashine itakataa.*

Chini dukani mtu alikuwa anabishania kilo ya misumari.

Baba yangu alikuwa mchukuzi, soko hili hili.
Miaka kumi na tisa ya lumbesa
ilimpinda upande wa kushoto,
akawa anatembea kama anayesikiliza kitu ardhini.
Jioni nilimkanda kwa maji ya moto,
kidole gumba kikilijua kila fundo.
Nami huyo huyo, kwa hiki hiki kidole,
nikabonyeza moja, sifuri, sifuri.

Kikao kilikuwa kirefu.
Andongolile akasema swali ni swali,
wenzake wamejibu walichoulizwa.
Kweli. Gwamaka hakukosea hata nukta.
Nikasema daraja nalo halijui tulichouliza.
Akasema basi kosa ni lako.
Nikasema ndiyo.
Maandazi yakawa mawe, hakuna aliyeyagusa,
na bado hatujakubaliana
kama mtu anaweza kufeli mtihani
kwa kuwa ameusoma kuliko aliyeutunga.

Tulimpa Gwamaka nafasi ya kwanza.
Ya pili niliipigia simu mwenyewe, jioni,
ukungu umeshalala juu ya bati za Mwanjelwa.
Iliita sana. Akapokea mwanamke,
nyuma yake upepo, na sindano ya gunia ikikwaruza wavu.
"Sekela yuko huku shambani, mikono ina udongo.
Nani mwenzangu?"
Nikataja jina. Nikataja kampuni.
Akanyamaza kidogo.
"Aa," akasema,
"wewe ndiye yule wa kilo mia?"