Ubao wa Nne

Otilie Krupková alilileta kwa toroli la bustani
mwezi wa pili, theluji imeganda njiani kama chokaa:
behewa la breki, urefu wake mita moja na shubiri,
limelala ubavu chini ya gunia la viazi.
"Miaka kumi na tisa kuku wamelitagia," alisema.
"Hynek hangenisamehe. Au angecheka, sijui.
Ukiweza kulirudisha relini, lirudishe.
Usipoweza, kuku wanalihitaji."

Mimi si fundi wa reli.
Miaka thelathini na minne nilichonga meno ya bandia
katika mji wetu wa makutano ya reli, Bohemia mashariki:
magego ya makuli wa bohari,
meno ya mbele ya mkuu wa stesheni,
aliyetaka yang'ae kuliko vifungo vya koti lake.
Nilistaafu, mikono ikakataa.
Sindano zilizokwangua ukoga
sasa zinakwangua kutu kwenye vichwa vya ribiti,
kila kimoja kama punje ya mtama.
Nilivihesabu: mia nne na kumi.
Mchoro unasema mia nne na kumi na mbili.
Waulizwe kuku.

Kinyesi kwanza. Maji ya uvuguvugu, sabuni, subira.
Kisha msasa, nao husimulia kinyumenyume:
juu kijivu, rangi iliyobaki ya mlango wa gereji;
chini yake wekundu uliopauka, wa tofali;
chini yake tena kijani cha chupa,
kimepakwa na mtu asiyekuwa na treni ya kuwahi.
Wasemao kipya kinyemi
hawajawahi kukwangua.

Magurudumu mawili yalikuwa yameng'ang'ania.
Niliyatilia mafuta ya taa siku tisa.
Siku ya kumi moja likageuka, robo mzunguko,
kwa mguno wa mtu mzima aliyeamshwa mapema.
Nilizima redio, nikalisukuma tena, nisikie.

Na ubao wa nne, ubavu wa kushoto.
Mfupi kwa milimita mbili,
pengo limezibwa kwa gundi na unga wa mbao.
Nilidhani ni panya. Nikaubandua.
Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa kulala:

*Hapa nilikata vibaya. Tarehe sita Novemba.
Mbao zimekwisha na Otilie amenikataza kununua.
Utakayefungua, niwie radhi. H. K.*

Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Msonobari mkavu ninao. Randa imenolewa.
Radovan, mwenye injini ya mvuke
na neno juu ya kila kitu,
alisimama mlangoni na soseji mkononi:
"Toa huo. Kata mwingine. Nusu saa."
Nusu saa, kweli. Hata pungufu.

Lakini gego la mkuu wa stesheni,
la chini, la kulia, nililikosea mimi.
Alitafuna upande mmoja mpaka anazikwa,
kila Krismasi akiniletea chupa ya mvinyo wa matufaha,
nami nikipokea.
Hilo sikuliandika popote.

Nikachonga kalamu ya risasi.
Chini ya mwandiko wake nikaweka wangu, mistari miwili,
kisha ubao, kisha gundi, kisha bano usiku kucha.
Pengo nililiacha wazi,
mahali pa kuingiza ukucha.

Mei tuliliunga nyuma ya injini ya Radovan.
Otilie alipanda, mkoba mapajani,
magoti karibu na kidevu,
akapitisha kidole gumba ubavuni, kijani juu ya kijani,
kikafika pale kikasimama.
Nikamwambia yaliyoandikwa. Yake tu.

Alinyamaza mzunguko mzima wa bustani,
tukapita bwawa, tukapita mizinga ya nyuki,
gurudumu la tatu bado linalia kwenye kona.

"Mwongo," alisema.
"Sikumkataza. Nilisema asubiri mshahara."

Akashika gurudumu dogo la breki kwa mikono miwili,
wala hakulifunga.