Re

Miaka thelathini na moja nasoma magazeti ya kesho
katika chumba cha nyuma, ghorofa ya pili, Ruwi,
chini ya feni iliyokwisha kunizoea.
Kazi yangu ni nukta. Nukta ikirukia herufi jirani
hongera yaweza kusomeka tanzia.

Zuweina alirudi kutoka Ghubeira na vumbi kwenye shela
na daftari la maji limefungwa kwa uzi wa katani,
limeandikwa na maarifu watatu waliokufa na mmoja aliye hai:
nani ana athari ngapi za falaji, usiku gani,
maji yaanzie kwa nani, yaishie kwenye ndimu za nani.
Athari moja ni nusu saa. Mimi sikujua.
Mtoto wa mjini, maji yangu huja na bili.

Bi Thuraya ana nusu athari, usiku wa Jumatano.
Robo saa kwa wiki, urithi wa babu yake.
Mwaka wa tatu huu hajausikia mlio wake mferejini.
Juu zaidi, nyuma ya ukuta wa Mheshimiwa Naibu,
lipo bwawa la kuogelea, na farasi wawili
wanaooshwa mchana.

Aliandika maneno mia nane. Nikayasoma mara tatu,
nikabadilisha mkato mmoja,
nikamwambia kwa Kiswahili, lugha yetu ya jikoni,
ambayo mhariri haijui:
"Mwanangu, hii imesimama."
Akacheka. "Tuone itasimama mpaka saa ngapi."

Mpaka saa tatu na dakika kumi usiku.
Simu haikuja na makelele. Wakubwa hawafoki;
huulizia afya ya watoto, mmoja mmoja, kwa majina.
Mhariri aliitikia alhamdulillahi mara saba,
kisha akaja kwangu miwani ameivua.
"Ukurasa wa tatu una nafasi," alisema,
kama kwamba nafasi hujizaa yenyewe.

Ikajazwa picha: Mheshimiwa Naibu, kilemba na jambia,
anafungua bomba la shule,
na juu yake, kwa hati nene:
HAMI WA FALAJI.
Hami, yaani mwenye kuhami.

Yakudhani, kijana wa chapa, hata miezi sita hajatimiza,
aliniletea karatasi ya mwisho bila kunitazama.
Nikaisoma nisomavyo kila kitu,
toka kulia, kidole juu ya neno.
Kati ya he na alifu palikuwa na mgeni,
mdogo, amepinda kama ukucha uliokatwa.
Re.
HARAMI WA FALAJI.

Laiti ningekuwa nimechoka. Laiti miwani ingekuwa chafu.
Mkono ulikwenda wenyewe: kalamu nyekundu, duara,
alama ya kufuta pembeni,
upesi, kama mama anavyompangusa mtoto kamasi
huku akiendelea na mazungumzo.
Moyo wala haukushtuka. Hilo ndilo linaloniuma.

Asubuhi Zuweina alifuata kikombe chake na daftari.
Kadi yake ilikataliwa na mlango; bawabu ndiye aliyempandisha.
"Nasikia umekamata kosa."
Nikasema kazi ni kazi.
"Halikuwa kosa, mjomba."
Akakaza uzi wa katani, mafundo mawili,
akashuka kwa ngazi, lifti ikiwa wazi.

Leo Jumatano. Nimesimama jikoni kwangu, saa mkononi,
nimelifungua bomba, nataka kujua
robo saa ni maji kiasi gani.
Ndoo ya kwanza imejaa. Ya pili. Beseni la kufulia.
Sufuria ya pilau ya Idi, ile kubwa.
Mke wangu anauliza nimeingiwa na nini.
Bado dakika nne, namwambia.
Usifunge.