Kipimo cha Mtu Aliyelala

Manispaa ya Porto ilitia nondo tatu kwenye benchi la tramu,
zimepindwa vizuri, zimepakwa kijani,
na tangazo likasema ni za kupumzishia mkono.
Mkono wa nani? akauliza Deolinda,
akatema vumbi la mbao.

Usiku ule mimi nilishika tochi.
Yeye futikamba, penseli sikioni,
akazipima nondo kama mshonaji apimavyo bwana harusi:
kimo, unene, nafasi ya moja hadi nyingine.
Kisha akamgeukia Abilio, aliyekaa pembeni,
miguu ndani ya mfuko wa taka.
"Lala. Niko kazini."
Abilio akajilaza kwenye lami, tukamwandika:
sentimita mia na sabini na mbili,
na ishirini za kujinyoosha.

Siku mbili tulipiga randa,
maranda yakatufika vifundoni.
Chini ya ubao tukachonga matundu matatu.
Kile kiingiacho tunduni, mafundi hukiita ulimi;
basi chuma cha manispaa kikawa ulimi,
kikasema ambalo hakikutumwa.
Msumari hata mmoja hatukupiga.
"Mali ya umma sijaivunja," alisema Deolinda.
"Nimeimalizia."

Alhamisi wakaja na lori, wakaubeba.
Jumamosi tukaweka mwingine.
Wa tatu ulidumu siku tisa; mvua ikaulowesha,
ukavimba, ukang'ang'ania chuma
hata wabebaji wakautukana matusi ya nguoni.

Wa nne, Zeferino wa lorini aliurudisha mwenyewe,
akasimama mlangoni mwa karakana, kofia mkononi,
kibanzi kimemwingia kidoleni.
"Upande wa kichwa," akasema, "msasa haukufika."
Hakuongeza neno.
Deolinda alimtoa kibanzi kwa sindano, akampa kahawa.
Mimi nikapewa msasa.

Nilisugua mpaka giza likaingia,
nikilipitisha shavu langu juu ya ubao,
maana kiganja cha fundi kina sugu, hudanganya.

Huo wa tano uko pale tangu Februari.
Lori hupita. Halisimami.
Abilio hatujui aliko.
Jana alfajiri nilimkuta mwanamke mfupi, simjui,
kichwa upande ule laini,
na miguuni, kwenye nafasi iliyomzidi,
viatu vyake viwili, vimepangwa sawasawa,
kama vilivyovuliwa mlangoni kwake.