Nusu Iliyobaki Macho

Karatasi ina visanduku viwili.
Daktari Muzna amevuta kiti, amekaa,
na kwa hilo tu nimeanza kumwamini.
"Una miaka arubaini na nne," anasema,
hatii chumvi, hatii asali.
"Presha inapanda. Mtoto amekaa kitako.
Kesho asubuhi tunapasua.
Lililobaki ni lako: ulale, au uwe macho."

Ibra, Jumatano. Chini ya dirisha
wanawake wanarudi kutoka soko lao
na mifuko ya ubani, vitambaa, ubishi wa bei.
Wifi yangu Shinuna kaleta uwatu kwenye chupa ya chai,
na uvumi.
"Sindano ya mgongo? Zuweina, usithubutu.
Binti Sleyum mpaka leo hainami kuokota ufunguo.
Lala tu, mwanakwetu. Ukiamka umeshazaa."

Ukiamka umeshazaa.
Mara ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo.
Nilikuwa na miaka ishirini na mbili,
wakanipa nusukaputi.
Nani aliipa jina hilo? Nusu ya nini?
Nilikwenda nzima,
sikuacha nyumbani hata mtu wa kufungua mlango.
Mwanangu akaja, akalia
(wewe ulimsikia, Shinuna,
umenisimulia mara ngapi sauti ile,
kama bawaba isiyotiwa mafuta),
akakaa saa moja na robo,
akaondoka kabla sijarudi.
Nilirudi na koo lililokwaruzwa
na matiti yaliyojaa.

Daktari sikumwambia hayo. Niliuliza tu:
"Nikiwa macho, nitasikia?"
"Kila kitu. Hata sisi tukigombania kiyoyozi."
Kisha akanitandikia na mabaya yake:
presha huweza kuporomoka,
kichwa huweza kuuma siku tatu, nne,
na mara chache ganzi hukataa, usingizi ukalazimika.
"Na kwa umri wangu?"
"Kwa umri wako ningechagua ganzi.
Lakini mgongo si wangu."

Mgongo.
Umebeba watoto wa dada zangu, wote saba,
kwa kanga moja iliyochujuka.
Haujawahi kuulizwa neno.
Nikatia alama.

Asubuhi, chumba baridi kama sanduku la samaki.
Sista Bindu wa Kerala kanikumbatia kwa mbele,
kidevu changu begani kwake, mgongo nje.
Kiswahili chake chote ni neno moja,
kaliokota kwa wagonjwa wa aina yangu:
"Polepole, polepole, polepole,"
analisema mbio mbio.
Sindano ikaingia kama salamu ya mtu mwenye haraka.
Kisha joto. Vidole vya miguu vikaaga,
magoti yakafuata bila kuaga,
nikabaki mwanamke wa kifua na kichwa,
kama picha ya pasipoti.

Ukuta ukasogea. Nikachefukwa.
"Presha inashuka," sauti nyuma yangu, "dawa inaingia,"
na ukuta ukarudi mahali pake.
Ng'ambo ya pazia la kijani mtu ananipekua
kama atafutaye ufunguo ndani ya mkoba:
huku, hapana, huku.
Haiumi. Ila ni ajabu
kupekuliwa mwenyeji ukiwepo.

Halafu kimya.
Kimya kile nakijua; kina miaka ishirini na mbili.
Nikahesabu kwa lugha ya jikoni kwa mama,
maana Kiarabu kilinikimbia:
moja, mbili, tatu, nne,

na tano sikuifikia.
Si bawaba. Hata kidogo.
Kama mtu aliyepunjwa chenji sokoni
na anataka soko zima lijue.

Saa nane mchana kidole gumba cha kushoto
kilirudi peke yake, kikatikisa shuka.
Shinuna kaingia, hata viatu hajavua,
mdomo wazi, hadithi tayari:
"Zuweina, ungemsikia alivyo..."

"Nilikuwepo," nikamwambia.
"Mimina uwatu."