Shuka Namba Arobaini na Moja

Mwezi wa saba, huku kwetu milimani Lesotho,
mashuka hayakauki, yanaganda.
Asubuhi nayaanika laini,
jioni nayaanua magumu kama milango,
nayabeba kwapani,
yanagongana ko, ko,
utadhani kuna mtu anabisha hodi.

Mimi ni 'Malineo, dobi wa hospitali ya misheni.
Wagonjwa siwajui kwa nyuso.
Nawajua kwa walichoacha:
huyu homa, chumvi ya jasho imechora ramani;
huyu kajifungua, kwa hiyo maji ya baridi kwanza,
ukianza na moto damu inang'ang'ania;
huyu mtoto, uji, uji tena,
halafu usafi wa ghafla
ambao dobi haupendi.

Mashuka ni mia mbili na kumi na mawili.
Kila moja lina msalaba mdogo pembeni na namba ya wino.
Daftari analo Sista Klotilda.
Kisotho chake kimenyooka kuliko changu,
ila kuhesabu bado anahesabu kwa Kifaransa,
midomo ikicheza bila sauti.
Kila mwisho wa mwezi: Yametimia?
Nami: Yametimia, Sista.

Ntate Ramatlapeng alilala kitanda cha dirishani.
Migodi ya dhahabu, kule ng'ambo ya mpaka,
ilimchukua mzima
ikamrudisha na kifua kilichojaa mawe yaliyosagwa.
Alikohoa kijivu.
Nilimaliza mche mzima wa sabuni, kijivu kikabaki,
kama mahali palipomwagika saruji.
Blanketi lake, lile alilovaa siku ya kuoa,
aliliuza apate nauli ya lori la kumleta.
Nikamtandikia arobaini na moja,
shuka zito, lisilo na hata tundu la sindano.

Theluji ikafunga njia.
Gari la dizeli halikupita.
Jenereta likabaki na kisahani cha mafuta.
Saa nane usiku akafika farasi, pua zikitoka moshi,
mgongoni msichana wa Ha Lekena,
mtoto amekaa mkingamo tumboni.
Daktari Okwuosa akasimama ukumbini, kati ya milango miwili:
huku taa ya upasuaji,
huku mashine ya hewa ya mzee.
Hakuuliza. Hakujua swali lenyewe linaanzaje.

Mzee ndiye aliyejivua barakoa.
"Giza," akasema, akapumzika,
"giza nalijua.
Nimelifanyia kazi miaka ishirini na saba.
Kamwashieni mama."

Mimi nilikuwa nimefuata nguo chafu tu.
Nikakaa nazo mapajani, sikuondoka.
Jenereta likikohoa nyuma ya ukuta,
naye akikohoa mbele yangu,
wakipokezana, wakipokezana,
hata mtoto alipolia kule ndani
nikagundua nasikia kikohozi kimoja,
nacho ni cha mashine.

Siku ya tatu tukachimba. Jembe lilidunda.
Ndugu zake walikuwa upande wa pili wa theluji,
na kwetu mtu halali ardhini bila cha kujifunika.
Nikamfunga arobaini na moja,
msalaba nikauweka upande wa kifua.
Sikumwomba mtu ruhusa.

Mwisho wa mwezi Sista akaja na daftari.
Yametimia?
Ulimi wangu ukaganda kama nguo za kambani.
Akaanza kuhesabu mwenyewe, kidole juu ya pindo,
midomo ikicheza, ikicheza,
ikasimama.
Akatazama dirishani, kule kwenye udongo mpya
ambao theluji ilikuwa bado haijauzoea.
Akachukua kalamu. Mbele ya namba ile akaandika:
limechakaa.

Akaupuliza wino ukauke.
"Na sabuni," akasema,
"imebaki miche mingapi?"