Kadi ya Kijani

Saa kumi na mbili kasorobo, Barabara ya Lunga Lunga.
Moshi wa kiwanda cha sabuni umelala chini kama mbwa mgonjwa.
Mvua imenyesha usiku kucha.
"Kwamboka wa kadi," bawabu ananisalimu,
na lango linafunguka kabla sijatoa kitambulisho.

Silo ya tatu ya unga ina urefu wa mita thelathini na moja
na jukwaa la vyuma limeikumbatia mpaka utosini.
Wageni wakifika hapa huinua shingo,
hupiga mluzi, hupiga picha.
Mimi nachuchumaa.
Jukwaa huanza kuanguka unyayoni.

Udongo wetu huku ni mweusi, ni mfinyanzi.
Kiangazi hupasuka ukameza kisigino,
mvua za Aprili zikija hufura kama unga uliotiwa hamira.
Nguzo ya pembe ya kaskazini:
ubao wa chini umezama vidole viwili.
Napima kwa vidole, kisha kwa rula,
maana vidole hubembelezeka.

Natundika timazi.
Inayumba,
inayumba,
inatulia.
Nguzo haikubaliani nayo.

Kiragu anakuja na buti zake safi.
"Wachomeleaji wanane wanangoja. Kreni tumeikodi kwa saa.
Vidole viwili tu, dada."
Vidole viwili hapa chini, namwambia.
Panda nao mpaka ngazi ya kumi na tano
uone kama bado ni vidole.

Sikumwambia habari za Musembi.
Watu wakisikia hadithi ya mjengo hungoja kifo,
na Musembi hakufa.
Yuko Mukuru, anatengeneza redio akiwa ameketi,
kwa kuwa kuketi ndiko alikobakiziwa.
Ubao mmoja, kule Baba Dogo, ulipungukiwa shibiri.
Ncha yake haikufika kwenye mhimili,
ikabaki hewani imenyooka, yenye adabu,
ikimngoja mtu aliyebeba ndoo.
Aliyeutandika alisema angerudi kuufunga
baada ya chai.
Aliyeutandika ni mimi.

Naichomoa kadi ya kijani ngazini, naingiza nyekundu.
Kelele inapanda. Mmoja anauliza
kama mimi ndiye nitakayemlipa ujira wa leo.
Sina jibu lake. Ninayo spana.

Lokiru na vijana wake wanashika majembe.
Wanazoa tope, wanashindilia kokoto,
wanalaza mbao mpya, pana, ndefu,
wanazungusha jeki robo, robo, robo,
na macho yetu sote yako kwenye uzi wa timazi
kama watu wanaongoja jina lao lisomwe.
Kisha juu: kibanio kwa kibanio,
mshazari uliokuwa umelegea,
kifungo cha ukutani ambacho mtu wa rangi alikifungua
apate kupitisha brashi, asikirudishe.
Hapa reli ya kiunoni. Hapa ubao wa ukingoni,
ili nyundo isimshukie mtu asiyejua hata kwamba tuko juu yake.

Napanda wa kwanza. Ndiyo sheria yangu; haimo kwenye karatasi yoyote.
Kulabu ya mkanda inalia *tak*, nasogea,
*tak*, nasogea.
Natembea kila ubao hadi nchani.
Nchani kabisa.
Kutoka kule juu mabati ya Mukuru yanametameta
na moja kati yake lina redio nne zinazosema kwa pamoja.

Saa nne na robo naweka sahihi, tarehe, saa.
Kadi hii ni ya siku saba,
ila mvua haijui kusoma, na ikinyesha tena usiku
kesho nitachuchumaa tena.

Wachomeleaji wanapanda bila kunitazama.
Kiragu ananiletea chai, hasemi neno.
Ni ya moto. Haina sukari.
Nadhani ni makusudi.